Simu mpya haihitaji masaa 8 ya chaji

Ukinunua simu Kariakoo, muuzaji akishakubandikia kioo cha kinga na kukuvalishia kava, mara nyingi atakuachia agizo: "Usiiwashe kwanza, kaichaji masaa 8." Mdogo wangu alilitii wiki iliyopita. Simu ilijaa mapema tu, naye akaendelea kuilinda pale ukutani mpaka usiku, haigusi.

Ushauri huo ulikuwa na maana zamani. Betri za nikeli na kadimiamu zilihitaji chaji ndefu ya kwanza, na ukizoea kuzichaji zikiwa nusu, zilianza kupoteza uwezo. Ndiko lilikotoka pia lile agizo la kusubiri simu izime kabisa ndipo uichaji. Lakini betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, hazina tabia hiyo, na ndizo zilizomo kwenye simu za leo. Zikijaa, saketi ya ndani husitisha chaji yenyewe. Kuimaliza mpaka sifuri kila siku ndiko kunakoichosha betri. Ichaji hata ikiwa asilimia 40.

Adui mkubwa ni joto, na Dar tunalo la kutosha. Itazame simu ya dereva wa bodaboda iliyofungwa kwenye usukani saa saba mchana, jua la Januari, ramani imewaka, waya wa chaji umechomekwa: ukiigusa mgongoni inaunguza. Au ile inayochajiwa usiku chini ya mto. Jamani, iwekeni mezani ipate hewa, na ikipata moto ivueni kava.