Barua taka ni nini, na kwa nini haijibiwi

Barua taka ni barua pepe ambayo hukuiomba, iliyorushwa kwa watu wengi kwa mkupuo: dawa ya kupunguza tumbo, mkopo usio na dhamana, urithi wa tajiri usiyemjua. Si lazima iwe ya kitapeli. Hata tangazo la duka halali ni taka likija bila ridhaa yako.

Mwaka 1978 Gary Thuerk, wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma tangazo la biashara kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Watu walimjia juu, na wasimamizi wa mtandao wakatoa onyo. Malalamiko yalifika kwa sababu mlalamikiwa alikuwa na jina na ofisi. Siku hizi mtapeli hujaza anwani yoyote kwenye sehemu ya mtumaji, mara nyingi ya mtu asiye na habari, na matusi yako humwangukia huyo. Jibu likimfikia mtapeli mwenyewe, basi umempa alichokuwa akikitafuta: anwani hii ina mtu, na anasoma.

Balaa kubwa liko kwenye anwani ya kundi. Chukua sacco ya wafanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, yenye anwani moja inayofikisha barua kwa wanachama wote. Inaingia barua ya "umeshinda". Mweka hazina anajibu kwa hasira, "Nitoeni kwenye orodha yenu!" Jibu linarudi kwenye anwani ya kundi, kwa hiyo wanaolipata ni wanachama wenzake. Wa pili anamwambia anyamaze, wa tatu anauliza hizo pesa zinachukuliwa wapi (kila kundi linaye huyu). Tena kelele ni afadhali. Jibu hubeba ile barua ya awali chini yake, kiungo na vyote, na kichujio cha barua pepe cha mwanachama, kilichoitupa mara ya kwanza kwenye folda ya taka, huenda sasa kikaipitisha, maana imetoka kwa mweka hazina.

Kwa hiyo usijibu wala usiisambaze. Iwekee alama ya taka, kisha mwambie msimamizi wa kundi pembeni amzuie mtumaji.

Kampuni ya kweli unayoifahamu ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuitaka iache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Iandikie, ila kwa anwani uliyoipata kwenye risiti au tovuti yake, si kwa kubonyeza "jibu".