Kura za ndani ya chama: yanayoaminika na ukweli wake

Uchaguzi wa ndani ya chama mara nyingi huharibika miezi kadhaa kabla ya siku ya kura, pale orodha ya wajumbe inapoandikwa. Wanachama wengi bado wanalinda sanduku huku daftari likiwa halina mlinzi.

Dhana: Kura ikiwa ya siri, uchaguzi ni huru.

Siri ya kura haisaidii kama wapigaji wenyewe wamepangwa. Kwenye mkutano mkuu huingia wajumbe waliochaguliwa ngazi za chini na wengine wanaoingia kwa nyadhifa zao. Tatizo huanzia kwa kundi la pili. Kata ambayo haikufanya uchaguzi huwekewa kaimu mwenyekiti kutoka juu, na kaimu huyo huja mkutanoni akiwa na kura kamili. Kata kumi za namna hiyo zinatosha kugeuza matokeo ya wilaya, na hakuna aliyegusa sanduku.

Tiba yake ni ya kiofisi tu. Orodha ya wajumbe ibandikwe ofisi za matawi na wilaya walau siku 14 kabla, kila jina likionyesha mjumbe kachaguliwa lini au anaingia kwa wadhifa gani. Pingamizi zisikilizwe, kisha orodha ifungwe. Jina lililochelewa lisubiri uchaguzi ujao. Siku yenyewe, hesabu ya karatasi ndiyo shahidi: zilizomo sandukuni, zilizoharibika na kurudishwa, na zile ambazo hazikutolewa, jumla yake lazima ilingane na zilizochapishwa. Isipolingana, matokeo yasitangazwe hadi tofauti ipatiwe maelezo. Mawakala wote wasaini fomu ya matokeo, kila mmoja aondoke na nakala, na nyingine ibandikwe mlangoni.

Dhana: Anayeongoza kura za maoni ndiye mgombea.

Ndani ya CCM, chama tawala cha Tanzania, kura za maoni, yaani kura za ndani za kupendekeza mgombea, ni hatua ya kwanza tu. Vikao vya juu ndivyo huteua. Mwaka 2020 majimbo kadhaa yalishuhudia aliyeongoza akiachwa na aliyekuwa nyuma yake akiteuliwa. Kwa urais, mchujo wa 2015 uliwaonyesha wengi kazi hufanyikia wapi: makada 42 walichukua fomu, Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikapeleka watatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua John Magufuli. Edward Lowassa alikatwa kabla ya tano bora, kwa hiyo wajumbe wa Mkutano Mkuu hawakupata nafasi ya kumpigia wala kumnyima kura.

Tunaposema “wajumbe si watu”, msemo wa kuwalaumu wapiga kura wa ndani ya chama, tunawatwisha mzigo usio wao wote. Chama kuchuja majina si kosa, kwani kina haki ya kukagua maadili ya anayebeba bendera yake. Kosa ni kukata jina bila sababu ya maandishi na bila muda wa rufaa. Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Katiba inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia, lakini mlango huo bado umefungwa. Aliyekatwa hubaki na njia mbili: kunyamaza au kuhama. Kenya anaweza kusimama kama mgombea huru, mradi awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Dhana: Dawa ni kila mwanachama apige kura.

Ni dawa nzuri kama chama kinawajua wanachama wake. Aprili 2017 Jubilee, chama tawala cha Kenya wakati huo, kililazimika kusitisha mchujo wake katika kaunti kadhaa: umati ulifurika na karatasi hazikutosha. Bila daftari la wanachama lililohakikiwa huwezi kujua uchapishe karatasi ngapi, wala huwezi kumzuia mfuasi wa chama pinzani asije kukuchagulia mgombea dhaifu.

Dhana: Kuwasafirisha na kuwalisha wajumbe ni ukarimu.

Mahakama Kuu ya Tanzania ilifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia hatua ya uteuzi ndani ya chama. Mjumbe aliyelala kwa pesa ya mgombea anajua anadaiwa. Chama kikodi mabasi na malazi chenyewe, kutoka mfuko mmoja, kwa wajumbe wote.

Dhana: Ushindani wa wakubwa huua chama.

Januari 2025, pale Mlimani City, Dar es Salaam, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mbowe alikuwa amekiongoza chama hicho tangu 2004, na kwa tofauti ya kura 31 tu alikubali matokeo. Kura zilihesabiwa mbele ya watu. Ni kweli baadhi ya makada walihamia chama kingine, CHAUMMA, baadaye, lakini mzozo mkubwa wakati huo ulihusu msimamo wa chama juu ya uchaguzi mkuu.

Kimojawapo kilichokiumiza chama kisheria kilikuwa kitu kidogo: akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohitajika ili kikao kiwe halali. Mei mwaka huohuo Msajili wa Vyama alikataa kuwatambua viongozi waliothibitishwa na kikao cha Baraza Kuu cha Januari, akisema akidi haikutimia, dai ambalo chama kilipinga. Ugomvi wa aina hii huzuilika. Wajumbe wahesabiwe mlangoni kwa saini, si kwa macho. Wahesabiwe tena kabla ya kila kura, maana saa nane mchana wengine wameenda kula na wa mikoa ya mbali wameshawahi basi. Idadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari palepale, pamoja na saa, na isainiwe kabla ukumbi haujafungwa.