Je, Wajua? Namna Udongo Mkavu wa Januari Unavyoshuhudia Maji ya Mei

Mtu anayekwenda kutazama ploti Kisauni au Likoni, Mombasa, mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na vumbi likimjaa viatuni, hawezi kujua kwa macho tu iwapo mahali hapo hugeuka kinamasi masika yanapofikia kilele mwezi wa Mei. Dalali hatamwambia, na majirani huenda nao ni wageni. Hata hivyo, mtaalamu wa udongo aweza kupata jibu kwa kuchimba shimo la nusu mita, kwa kuwa udongo unaokaa majini hubadilika rangi, na rangi hiyo haifutwi na kiangazi kimoja.

Chembe za udongo kwa kawaida huvikwa utando mwembamba wa kutu, na utando huo ndio unaoupa udongo wetu wekundu wake. Maji yanapojaza matundu yaliyo baina ya chembe, oksijeni hukwama, kwani ndani ya maji husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Bakteria wanaoozesha majani na mizizi huimaliza ile iliyobaki katika muda wa siku chache, kisha huigeukia kutu yenyewe na kuitumia badala ya hewa. Hapo chuma huyeyuka na kuchukuliwa na maji, nazo chembe hubaki uchi, zikionyesha ukijivu wao wa asili.

Maji yakishuka, sehemu ya chuma hicho hukutana na hewa kwenye nyufa na kandokando ya mizizi, ikaganda tena kuwa kutu. Kwa hiyo madoa ya rangi ya chungwa ndani ya udongo wa kijivu ni alama ya maji yanayopanda na kushuka, na kwa maoni yangu hakuna dalili inayosomeka vyema kuliko hiyo. Udongo usiokauka kabisa aghalabu hauna madoa. Huwa wa kijivu kinachoelekea buluu au kijani.

Mpimaji huchukua bonge lenye unyevu, akalilinganisha juani na kurasa za kitabu cha rangi cha Munsell, kilichotokana na mpangilio wa rangi wa msanii Mmarekani Albert Munsell. Katika kitabu hicho ukolevu wa rangi hupewa nambari, na nambari 2 au chini yake, hasa ikiandamana na madoa, huamsha shaka kubwa. Pua nayo ina kazi yake: harufu ya mayai viza humaanisha kwamba bakteria wamekwisha kuifikia salfa, jambo linalotokea pale tu hewa inapokosekana kwa muda mrefu.

Mombasa ina mitego yake. Mchanga mweupe uliotokana na matumbawe hauna chuma cha kutosha, hivyo rangi yake haithibitishi lolote. Upande wa Miritini, udongo uliozaliwa na mwamba wa shale, yaani tope la kale lililogandamana likawa jiwe, waweza kuurithi ukijivu kutoka kwa mwamba wenyewe bila kuwahi kuzama. Mtego mbaya zaidi ni kifusi: mahali palipojazwa mawe na moramu juu ya tope la mikoko, shimo fupi litaonyesha udongo wa kuletwa na lori, na ni lazima kuchimba hadi kuufikia ule wa asili. Ndiyo sababu udongo hausikilizwi peke yake. Hutazamwa pamoja na mimea, kama matete na mikindu, na pamoja na maji yenyewe.

Uchunguzi huu una uzito wa kisheria pia, kwa kuwa Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za usimamizi wa ardhi oevu, kingo za mito na fuo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Lakini hata asiyejali sheria ana sababu ya kuhofu. Tope la mikoko mara nyingi hubeba madini ya chuma na salfa ambayo hayana madhara yakiwa chini ya maji. Likichimbwa na kuanikwa, madini hayo hukutana na hewa na kuzalisha asidi ya salfa, ambayo hula saruji ya msingi na nondo zilizomo ndani yake.