Tapian: nakala ya wino inayotolewa juu ya jiwe

Tapian ni nakala ya karatasi inayochukuliwa moja kwa moja juu ya jiwe lililochongwa. Ni ufundi wa China wa zaidi ya miaka 1,300: nakala moja iliyopatikana Dunhuang, ambayo leo imehifadhiwa Paris, ina maandishi ya mkono ya mwaka 653. Zinazojulikana sana ni zile za luohan 16, wanafunzi wa Budha wenye nyusi ndefu na vichwa vyenye manundu, zinazofuata michoro inayohusishwa na mtawa Guanxiu (832–912). Mfalme Qianlong aliiona michoro hiyo Hangzhou mwaka 1757, na mwaka 1764 ikachongwa kwenye mawe ambayo bado yako mjini humo.

Wengi hudhani karatasi husuguliwa, kama mtoto anavyosugua penseli juu ya sarafu. Sivyo, hapa hugongwagongwa. Jiwe likishasafishwa, karatasi nyembamba ya Kichina iitwayo xuan hubandikwa kwa maji yenye ute kidogo wa kiazi cha okidi iitwayo baiji. Hewa husukumwa nje kwa brashi laini, kisha hutandazwa kitambaa cha kuikinga karatasi, nayo hupigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka izame katika kila mstari. Kwenye makunyanzi ya uso wa luohan ndipo huchanika upesi, maana mistari imebanana.

Kinachofuata ni kusubiri, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Karatasi ikiwa bado imelowa, wino husambaa na kuvuja hadi kwenye jiwe. Ikikauka kupita kiasi, hubanduka. Ukiirudisha, mistari hutoka miwilimiwili. Wino hupakwa kwa donge la pamba lililofungwa ndani ya hariri, safu nyepesi juu ya safu nyepesi. Ukiharakisha kwa safu moja nzito, wino unaingia kwenye mifereji iliyochongwa na mstari unapotea.

Palipochongwa hubaki peupe, pengine pote huwa peusi. Picha haigeuki kushoto kulia, kwa sababu wino uko upande wa nje wa karatasi, haukugusa jiwe. Mtindo wa wujin hutoa weusi unaong'aa; ule wa chanyi huwa mwepesi kama bawa la nyenje, nao huonyesha vizuri zaidi ngozi ya jiwe lenyewe.

Kwa mnunuzi, nyufa ndizo za kutazama kwanza. Jiwe huzidi kumeguka, kwa hiyo kati ya nakala mbili za jiwe lilelile, yenye nyufa chache kwa kawaida ndiyo ya zamani zaidi. Ila zisipokuwepo kabisa, uliza kama jiwe limechongwa upya.