Swali la nyongeza bungeni: maana yake na kazi yake

Siku za vikao Bunge la Tanzania hukutana saa tatu asubuhi. Baada ya dua na hati kuwasilishwa mezani, zamu ni ya maswali. Mbunge husimama, na kwa kawaida hasomi swali lake. Husema tu: "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu sasa lipatiwe majibu." Swali lenyewe limeshaandikwa, likapewa namba na kuchapwa kwenye Orodha ya Shughuli. Hilo ndilo swali la msingi. Naibu waziri atasimama na karatasi: "Kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa kama ifuatavyo."

Akishaketi, mbunge husimama tena kuomba "maswali mawili madogo ya nyongeza". Hapo ndipo mambo yanapochangamka.

Swali la nyongeza, basi, ni swali la papo hapo linalozaliwa na jibu lililotoka kutolewa. Wizara haikulipokea kabla. Aliyeuliza swali la msingi hupewa nafasi ya mawili, na Spika anaweza kuwaruhusu wabunge wengine waongeze la kwao mojamoja. Linapaswa kuhusiana na swali la msingi. Mbunge akianza na barabara akamalizia na minada ya korosho, Spika atamkatisha.

Haki ya kuuliza imo kwenye Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa humo ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno ya mwisho, "katika wajibu wake", ndiyo yanayowachanganya wasikilizaji wengi inapofika elimu. Watu hudhani kila swali la shule ni la Waziri wa Elimu. Sivyo. Sera, mitaala na vyuo vikuu ni vya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, pamoja na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inayotolewa na Bodi ya Mikopo. Lakini madarasa, madawati, mabweni na upungufu wa walimu katika shule za msingi na sekondari za Serikali huangukia TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa sababu shule hizo zinaendeshwa na halmashauri. Ndiyo maana manaibu waziri wa TAMISEMI husimama mara nyingi kuliko wenzao: zahanati zao, vituo vya afya vyao, barabara za vijijini zao.

Sasa tutazame majibu yenyewe, maana yana lugha yake. Swali likiwa "Je, Serikali ina mpango gani wa kukamilisha maboma ya madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi?", jibu linaweza kuja kwa namna mbili. Ya kwanza hutaja kiasi cha fedha, mwaka wa fedha na idadi ya maboma. Hiyo ni ahadi inayoweza kufuatiliwa. Ya pili husema Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, mchakato unaendelea, na kazi itafanyika "kadiri fedha zitakavyopatikana". Kwa maoni yangu, jibu la aina hii ni hapana iliyovaa suti. Huwezi kumshtaki mtu kwa kadiri.

Kazi ya swali la nyongeza ni kuziba pengo kati ya majibu ya aina hizo mbili. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mbunge akiuliza Serikali inawasaidiaje vijana mitaji, jibu la msingi litaeleza mgawanyo huo vizuri kabisa, na ungedhani mambo yamekwisha. Mbunge makini atauliza kwa nyongeza: halmashauri yangu ilitenga kiasi gani, ilitoa kiasi gani, na vikundi vingapi vya vijana vimerejesha? Maswali ya namna hiyo hayakuwa ya bure. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu wa kuitoa, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa vijana waliokuwa wanasubiri mtaji wa bodaboda au saluni, hicho kilikuwa kipindi kirefu.

Lakini wabunge wengine huitumia nafasi hii vibaya. Anaanza kwa kuipongeza Serikali, anamshukuru Rais, anamsifu waziri kwa majibu mazuri, kisha anaomba waziri "aongozane naye" kwenda jimboni baada ya kikao. Waziri hukubali kwa tabasamu, na takwimu hazijatajwa.

Maswali ya nyongeza yasichanganywe na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, yanayoulizwa Alhamisi. Hayo hayana swali la msingi lililoandikwa, na yanatakiwa kuwa ya kisera, si ya kisima cha kijiji kimoja.

Kenya hali ni tofauti. Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, kwa hiyo hawakai ukumbini. Kwa miaka kadhaa maswali yalijibiwa zaidi mbele ya kamati, hadi mwaka 2023 mawaziri walipoanza kufika ukumbini kujibu.

Kila kinachosemwa, la msingi na la nyongeza, huingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, ambazo Bunge huziweka wazi kwenye tovuti yake. Jibu si sheria wala si bajeti. Ila mbunge anaweza kulirejea miezi kadhaa baadaye: "Mwaka jana Serikali ilisema bweni hili litakamilika ifikapo Juni. Je, limefikia wapi?" Hilo nalo litapewa namba na kupangiwa siku, na baada ya kujibiwa, mbunge atakuwa na nyongeza zake mbili.