Dakika tatu za kukinadi kitabu: wanavyodhani wengi, na ilivyo kweli

Kukinadi kitabu ni kusimama mbele ya vijana kwa dakika mbili au tatu, kitabu kikiwa mkononi, ukakizungumzia mpaka wakitamani. Wakutubi wa Marekani wamefanya hivyo madarasani kwa miongo mingi. Miaka ya 1940 Margaret Edwards, mkutubi wa vijana katika jiji la Baltimore, alifika hata kuzungusha vitabu mitaani kwa gari la kukokotwa na farasi, awafuate wasiokanyaga maktaba. Hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji, kinachohitajika ni kitabu kimoja na mtu mmoja aliyekisoma. Tunakwamishwa na dhana.

Dhana: vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Wanasoma sana. Mwangalie kijana anavyofuatilia habari za usajili wa Simba na Yanga kwenye simu ya kaka yake, au simulizi zinazorushwa kipande kipande kwenye makundi ya WhatsApp, na anavyonung'unika kipande kinachofuata kikichelewa. Kitabu anachokifahamu ni cha mtihani, na hicho nacho mara nyingi hakisomi. Anasoma notisi za uchambuzi, anakariri dhamira na wahusika, anaingia chumba cha mtihani. Akisema vitabu vinachosha, anasema kweli kuhusu vile alivyoonyeshwa.

Dhana: kunadi ni kutoa muhtasari.

Hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Mwalimu anaanza na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa, anapita kwenye mandhari, anasimulia mwanzo, kati na mwisho, kisha anafunga na mafunzo. Darasa limeshapewa kila kitu. Likafuate nini tena maktaba?

Chukua kitabu chochote kinachoeleza historia ya meli ya Liemba. Unaweza kusema, "Kitabu hiki kinahusu usafiri katika Ziwa Tanganyika wakati wa ukoloni," na kule nyuma vichwa vikalala juu ya madawati. Au usitaje kwanza hata jina la kitabu, ukaanza hivi:

"Liemba mnayoijua ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makreti, ikavushwa bahari, ikaletwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi. Haya, niambieni: mtu anayezamisha meli anaipaka grisi ya nini?"

Kisha nyamaza. Mmoja atasema walitaka kurudi kuichukua, mwingine atambishia, na darasa zima litakuwa macho. Kwamba ilikuja kuibuliwa wanajua, maana jina lake wamelisikia tangu utotoni. Namna ilivyotolewa chini ya maji mwaka 1924, na mashine zile zilikutwa katika hali gani, hayo waachie kitabu. Hapo ndipo unakiinua wakione, unasoma nusu ukurasa ulioutia alama mapema, unakaa. Mahali pa kuishia pachague kabla hujasimama, na pawe pale ambapo msikilizaji ana swali ambalo hawezi kulala nalo.

Dhana: lazima uwe msemaji hodari.

Lazima uwe umekisoma. Vijana humtambua mara moja mtu anayesifia asichokijua, swali moja tu, "Kwani yule dada alirudi kwao?", latosha kumuumbua. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zishike kwa moyo. Katikati hadithia kwa sauti yako ya kila siku, karatasi iwe mezani.

Dhana: ni riwaya tu zinazonadika.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akila. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kuwa binadamu pekee ndiye anayetengeneza zana. Mtoto wa Kigoma, ambaye Gombe kwake ni safari ya boti kutoka Kibirizi, ana haki ya kulisikia hilo na kushikishwa kitabu. Wako vijana wengi wasioguswa na hadithi za kubuni ambao huamka wakisikia jambo la kweli, hasa likiwa limetokea jirani.

Dhana: anza na funzo, ndipo wazazi waridhike.

Kijana wa miaka 15 amepewa mawaidha nyumbani, mstarini, msikitini au kanisani. Ukimwambia kitabu kitamfundisha kujiepusha na makundi mabaya, amekwisha kukifunga. Mwambie kuna binti aliyekuta barua isiyo yake chini ya godoro. Funzo, kama limo, atalikuta mwenyewe, na atalishika zaidi kuliko ukimpa wewe.

Dhana: bila maktaba kubwa, ni kazi bure.

Nakala moja inatosha kuanzia, mradi iwepo pale pale na iazimike siku hiyo hiyo. Hamu ya kijana haisubiri wiki. Kunadi kitabu kilichofungiwa kabatini, mwenye ufunguo yuko safarini, ni kuwaudhi tu. Mara unapokaa, pitisha karatasi ya majina, wajipange kwa zamu ya siku saba saba. Vitabu vitatu au vinne kwa kipindi vinatosha, vya ladha tofauti, ili aliyepitwa na cha kwanza apate chake. Pasipo vitabu shuleni, kaulizeni maktaba ya mkoa utaratibu wa kuazima.

Na anayerudisha kitabu akiwa amekimaliza, mpe dakika mbili akinadi yeye kwa wenzake, kwa Kiswahili chake cha mtaani, bila kumsahihisha mbele za watu. Neno la rika huwafika upesi kuliko la mwalimu, na majina kwenye ile karatasi huongezeka.