Kusawazisha besi ya sabufa: maana yake na namna inavyofanyika

Kusawazisha besi ni kurekebisha nguvu ya sauti nzito zinazotoka kwenye sabufa, kila sauti kwa kiasi chake, ili mtu aliyeketi mahali pake pa kusikilizia azipate zote kwa ukubwa unaokaribiana, badala ya noti moja kunguruma hadi vioo vya madirisha vitetemeke na noti ya jirani yake kupita kana kwamba haikupigwa. Nimetaja mahali pa kuketi kwa makusudi, kwa kuwa kinachosawazishwa si sabufa peke yake, bali ni sabufa pamoja na chumba ilimowekwa. Hapa Tanga nimewaona watu wengi ambao, besi ikivuma vibaya sebuleni, huilaumu spika na kwenda kununua kubwa zaidi, na ile kubwa nayo huja kuvuma vilevile, katika noti ileile.

Sababu ni urefu wa mawimbi. Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na katika nyuzi joto 30, ambazo ni za kawaida kwetu mwambao, husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.7 hivi, kupita urefu wa sebule nyingi. Wimbi hilo hugonga ukuta, likarudi na kukutana na linalokuja. Mahali pengine mawili hayo huongezana nguvu, na mahali pengine huuana. Ili kujua ni sauti ipi itakayokuzwa na chumba, gawanya 349 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, kisha fanya vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo. Chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.9 hukuza sauti za karibu hezi 35, 44 na 60, mbali na nyingine za juu yake.

Tuichukue ile hezi 44. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41, na noti inayofuata juu yake ina hezi 43.65. Anayesikiliza taarabu ya Tanga, ile ya vikundi vya Black Star na Lucky Star ambamo gitaa la besi lina kazi kubwa, katika chumba cha upana huo, atasikia noti hiyo ikiruka juu ya wenzake kila inapoguswa, ingawa mpigaji aliipiga kwa nguvu sawa na nyingine. Tena sisi hupanga makochi kuzunguka kuta, na ukutani ndipo shinikizo la mawimbi hayo linapokuwa kubwa kupita pote. Mtoto aliyeketi mkekani katikati ya chumba haisikii sana noti hiyohiyo inayomchosha babu yake kwenye kochi. Kuta za matofali ya saruji huirudisha besi karibu yote. Mapazia na mazulia hayasaidii, kwa kuwa ni membamba mno mbele ya mawimbi ya mita kadhaa, ilhali dirisha au mlango ulio wazi huitoa nje sehemu yake.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, tafuta kwanza mahali pazuri pa sabufa. Kona huamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja, na ndiyo maana besi ya konani huwa kubwa lakini haina mpangilio. Njia ya zamani, ambayo bado naiamini kuliko nyingine, ni kuiweka sabufa juu ya kochi unalokalia, kupiga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi, kisha kuzunguka chumba ukiwa umepiga magoti, sikio likiwa karibu na sakafu. Pale utakaposikia noti zote zikilingana, ndipo sabufa iwekwe.

Baada ya hapo hupimwa. Maikrofoni ya kupimia huwekwa kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, na kompyuta yenye programu kama Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure, hupiga sauti inayopanda kutoka hezi 20 hadi 200 na kuchora mstari wenye vilele, yaani sauti zilizozidi, na mabonde, yaani zilizopungua. Pima katika viti vitatu au vinne, madirisha yakiwa kama unavyoyaacha wakati wa kutazama filamu, kisha chukua wastani. Maikrofoni ya simu mara nyingi hupunguza sauti za chini, hivyo mstari wake hauaminiki.

Kisha hutumika ikwalaiza, yaani kifaa au programu ya kupandisha na kushusha sauti fulani fulani. Inayofaa ni ile inayokuruhusu kuchagua mambo matatu: sauti ya kurekebisha, kiasi cha kupunguza kwa desibeli, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na upana wa eneo litakaloguswa. Ikiwa kilele cha hezi 44 kimezidi kwa desibeli 9, utapunguza desibeli 7 au 8 hapohapo, kwa upana unaofanana na umbo la kilele chenyewe. Ikwalaiza ya kawaida yenye vitelezi vya hezi 31, 62 na 125 haiwezi kazi hii: 44 iko kati ya vitelezi viwili, na ukivishusha vyote utaziumiza sauti nyingi zisizo na kosa. Kilele kilichopunguzwa vizuri hupungukiwa pia na ule mvumo unaoendelea baada ya noti kwisha, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa zaidi.

Mabonde yasijazwe kwa nguvu. Kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu mara 10, kwa hiyo amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 20 itadaiwa 200. Na bonde lenye kina hubaki palepale, kwa sababu wimbi linalorudi kutoka ukutani nalo limeongezeka kwa kiasi hichohicho. Dawa yake ni kusogeza kochi au sabufa, au kuongeza sabufa ya pili upande mwingine wa chumba.

Siku ya kwanza besi itaonekana kupungua, kwa kuwa sikio lilizoea kukiita kile kilele kimoja besi. Ikibidi, ongeza sauti ya sabufa nzima kidogo, kisha sikiliza tena wimbo ulioujua kwa miaka: utazisikia noti za gitaa la besi zilizokuwa zimefunikwa, moja baada ya nyingine, kila moja ikianza na kukoma kwa wakati wake.